Sukari ya Mama Neema

Dada yangu Kavira, huko Butembo,

Nakuandikia toka Kitshanga, ambako matope yanafika magotini na mimi dereva nimechoka kuliko gari. Nabeba wale waganga wa hospitali wanaotafiti ugonjwa wa sukari kwa wenye mimba.

Jana Mama Neema alitembea kwa miguu toka Kirolirwe. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mkubwa mno, akakwama, akafa. Nyumbani wanasema mama hakusukuma vya kutosha. Sasa ana mimba nyingine, anataka kujua kama ni sukari iliyomkuza yule wa kwanza hivyo. Kipimo kinataka tumbo tupu.

"Mama, ulikula?" muuguzi akauliza.

"Sikukula kitu."

"Na iyo nyeupe kwa mudomo?"

"Aa, iko maziwa tu! Maziwa njo chakula? Kwa wenye ngombe, utatoka je asubuhi bila kunywa? Mama mukwe atasema nimemuzarau."

Wiki nzima akina mama wanakuja hivyo, hawajala kitu na wameshiba. Muuguzi akamwambia arudi kesho. "Nikirudi kule, nitakunywa tena," akasema, akalala kwenye benchi letu.

Leo wamempima: sukari iko juu. Nilidhani atalia.

"Njo sukari iliniulia mutoto?"

"Inawezekana, Mama. Lakini huyu tutamufwata mpaka azaliwe."

"Kumbe nilisukuma," akasema, na akauliza dawa inaanza lini.

Nimechoka hata kushika kalamu, dada. Wakumbatie watoto wote, na ulale vizuri kwa niaba yangu.

Kaka yako, Kambale