Ndevu za Senene

Rafiki yangu Bahati,

Ejok, nakusalimu kwa Kiturkana. Mimi nimepita miaka sabini. Ukame, kipindupindu na nzige, vyote nimeviacha nyuma. Hata yule daktari aliyesema moyo wangu umechoka ameshazikwa, mimi niko.

Unakumbuka ule mwaka wa nzige hapa Kakuma? Sisi tunapiga madebe tuwafukuze, wewe unatoka kambi ya wakimbizi mbio na sufuria, unacheka kama mtu aliyeona mama yake. Ulidhani ni senene wa kwenu Kongo, wale mnaokaanga na kula. Ukashika mmoja, kicheko kikaisha. Ukanionyesha zile nyuzi za kichwani. "Papa, angalia ndevu. Hii iko fupi. Ya senene inapita mwili." Nikakujibu mdudu anayekula majani ni nzige tu, awe na ndevu au kipara. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Sasa sikia. Juzi asubuhi mwanangu Ekai alikuta wadudu wa kijani kwenye boma la mbuzi. Akasema hao ni wapelelezi, kundi liko nyuma, tuhamie Namoruputh kabla malisho hayajaisha. Punda wakafungwa mizigo. Lakini mbuzi wetu wengi wana mimba, na njia yote ni jua. Wangezaa njiani, watoto wafie kwenye mawe. Nikakaa chini, nikashika mdudu mmoja. Ndevu zilipita mgongo, zikapita mkia, zikanitekenya mkono.

Nikamwambia Ekai, "Fungua punda. Huyu ni senene."

"Senene Turkana, baba? Wametoka wapi?"

Nikamwonyesha lori la ndizi la kutoka Uganda, limelala na pancha hapo barabarani. Dereva akafunua turubai: senene wamejaa kwenye majani ya migomba. Bahati, punda wakafunguliwa mizigo.

Habari imefika mpaka Lodwar, kwamba Kakuma kuna mzee anayejua wadudu kuliko serikali. Sijawakatalia. Jina lako sikulitaja, uko mbali kwenye nchi ya theluji ulikohamishiwa, sifa zingepoa njiani. Ila wale senene niliwakaanga na chumvi kama ulivyokuwa unasema, nikala peke yangu, na nilitamani ungekuwepo tubishane. Samaki wa Kalokol bado ni bora.

Kama huamini, muulize Ekai, ingawa amenuna. Au yule mbuzi mweusi uliyempa jina Goma. Leo amezaa mapacha, hapa hapa bomani.

Ni mimi, Papa wako wa Kakuma.