Diploma ya Myriam Haikuungua

Myriam, mujukuu wangu,

Maharagi iko mu sufuria, chemsha maziwa ya jirani Mama Benita. ~~Usiningojee.~~ Uniachie kidogo.

Esdras wa taxi ananibeba na pikipiki yake, tunaenda Bihambwe, kwetu kwa zamani. Njia imefunguka leo. Ya kesho hatujui. Asubuhi ulilia juu masomo ya ng'ambo haikupokei bila diploma yako, na mimi nikasema tena iliungua na nyumba yetu. Nilikudanganya, mama. Siku ya kukimbia vita niliitia mu bidoni ya plastiki, nikaizika kule chini ya mafiga. Sikuambia muntu. Leo ninaenda kuifukua.

Niliogopa. Miaka mbili utakuwa kule unajifunza ile mashine inayoshika kazi ya moyo wakati munganga anaupasua, na mimi nitategea nani vitendawili? Hata ukilala tu ku hospitali juu ya kazi, chakula hainishuki.

Kitendawili kile ulinitegea juzi: moyo imelala, damu inatembea inje, mwenyewe hajakufa. Nilishindwa, ukacheka. Leo ninajibu: kuna Myriam pembeni yake, anaendesha mashine.

Funga kuku. Na valise yako ya safari usiitafute tena, iko chini ya kitanda yangu. Ile pia mimi njo niliificha.

Koko wako