Kabla Hawajamlaza Kiberiti

Chumba Na. 4, Ghorofa ya Pili,
Nyumba za Wapiga Chapa.
9 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Nakusalimu wewe, mumeo na wote walio chini ya paa lenu. Hujambo? Mgongo unasemaje baada ya kuinamia cherehani kutwa nzima? Shule zimefunguliwa, kwa hiyo najua sare zimekujaa mpaka mlangoni. Na mama yako, dada yangu, bado anagombana na magoti yake au wamekwisha patana?

Mimi ni mzima. Macho yanasoma bado, ingawa siku hizi yanadai taa mbili. Kiwandani walinistaafisha zamani, lakini wakishindwa na sentensi hunipandishia karatasi huku juu niwasahihishie, nami huzirudisha zikiwa nyekundu tupu. Chai napika mwenyewe. Siku nyingine natoa vikombe viwili kwa mazoea, kisha nakirudisha kimoja kabatini.

Sasa weka mkasi chini, mwanangu, ukae.

Mwezi uliopita ulinipigia simu kunipa habari za binti yako, Kiberiti: kwamba bega lake limechomoka kwa mara ya tatu akiwa golini, na daktari ameamua lipasuliwe tarehe 24 mwezi huu. Ulinichekesha uliposema kwamba mpira aliudaka vizuri, bega ndilo lililomponyoka. Kisha ukanisomea fomu ya hospitali uliyoijaza, kwa fahari ya mtu ambaye ukoo wake wote ni wa chuma. Kisukari, hapana. Pumu, hapana. Kifafa, hapana. Ndugu aliyewahi kudhurika kwa dawa ya usingizi, hapana. Nikasema vizuri sana, nikakutakia heri, nikakata simu. Nilikaa kitandani na viatu mguuni mpaka chai ikaganda utando.

Jibu lile la mwisho si kweli. Hukudanganya wewe. Niliwadanganya mimi.

Unamkumbuka binamu yako Ngongoti. Tulipoondoka huko ulikuwa na miaka minane, ukalilia mabega yake, maana hakuna mwingine aliyekubeba ukagusa dari. Miaka ishirini na saba iliyopita niliwaandikia kwamba amefariki kwa homa ya mapafu. Ngongoti hakuwahi kuugua mapafu. Alifia kwenye meza ya upasuaji akiwa na miaka kumi na sita, alipokwenda kuondolewa mafindofindo. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akimtania nesi kwamba kitanda ni kifupi, labda wamkunje mara mbili.

Utaniuliza kwa nini nilidanganya. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa amenitumia ujumbe nisimpeleke mtoto kwenye kisu, mafindofindo yataisha yenyewe. Nilimjibu kwa kurasa tatu za elimu. Nilimweleza maendeleo ya tiba kana kwamba niliyagundua mimi. Siku kumi na mbili baadaye ningeandika nini? Niliandika homa ya mapafu, nikabandika stempu.

Na wala hakikuwa kisu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido. Nesi alitoka mbio, akamwuliza mfagiaji barafu iko wapi. Mfagiaji akamwonyesha kantini. Wakaanza kubeba barafu kutoka kwenye friza la soda, kwa ndoo, kwa sinia, kwa mikono. Nikainuka kuwasaidia, kama mtu yeyote mwenye adabu. Nilipeleka ndoo mbili mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na nesi akaniambia asante baba. Sikuuliza barafu ni ya nani.

Ilikuwa ya mwanangu. Hewa ya usingizi aliyovutishwa ilikuwa imeishika misuli yake yote. Taya likakaza, moyo ukaenda mbio, mwili ukachemka kupita pale kipimajoto kinapoishia. Wakati ule hawakuwa na dawa ya kuuzima moto huo, walikuwa na friza la soda.

Daktari alipotoka alisema ni bahati mbaya, hutokea kwa mmoja katika maelfu mengi. Nikamwambia mimi sikumletea maelfu, nilimletea mmoja. Ilikuwa kauli nzuri, na niliishikilia kwa miaka mingi kana kwamba ilikuwa kitendo. Swali lenyewe, kwa nini huyu na si mwingine, sikumwuliza.

Mkaza mjomba wako, mke wangu, naye hakuuliza, kwa sababu alidhani anajua. Asubuhi ile alikuwa amemwonjesha mtoto vijiko vitatu vya uji, ingawa tulikatazwa asile kitu. Aliniambia jambo hilo miaka kumi baadaye, akiwa ameugeukia ukuta. Alikwenda kaburini akiamini vijiko vile ndivyo vilivyomuua mwanawe. Havikumuua. Mimi ningeweza kulijua hilo akiwa hai, kama ningefungua mdomo.

Nilikuja kuufungua miaka minne iliyopita, tena kwa kulazimishwa. Nilikwenda kupasuliwa ngiri. Daktari wa usingizi alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu, mwenye kalamu iliyotafunwa mwishoni. Akaanza: "Mzee, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi..."

"Hapana," nikasema.

"Umejibu kabla sijamaliza kuuliza."

"Nimezoea fomu."

"Basi fomu tuiweke pembeni. Nani alikufa, mzee?"

Nikamwambia. Nikamweleza taya, na barafu, na ndoo zangu mbili. Akaweka kalamu chini. "Leo hupasuliwi," akasema.

"Na ngiri yangu?"

"Umekaa nayo miaka sita bila kuja kunisalimia. Itavumilia."

Alinipeleka kwenye hospitali kubwa, safari ya saa sita kwa treni. Huko wakanitia ganzi pajani kwa sindano ya dawa isiyodhuru, wakakata kipande cha msuli kama ncha ya kidole, wakakiwekea dawa ileile ya hewa wakikitazama. Kikajikunja kama ngumi. Hiyo ndiyo kasoro yenyewe, mpwa wangu. Inakaa kimya mwilini maisha yote, haikuzuii kukimbia wala kuzaa wala kuzeeka, mpaka siku utakapovutishwa hewa hiyo. Na inarithiwa. Ngongoti aliipata kwangu. Mimi niliipata kwa mmoja wa wazazi wangu, ambao ni wazazi wa mama yako pia. Mama yako anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Wewe vilevile. Kiberiti vilevile.

Usiniambie kwamba wewe ulipasuliwa wakati wa kumzaa ukaamka salama. Ulichomwa sindano ya mgongo, na hiyo haina neno. Hata wapo waliovutishwa hewa mara moja na mbili bila tatizo, mara ya tatu ikawageuka.

Niliporudi kutoka hospitali ile nilimwandikia mama yako yote haya. Akanijibu kwa mistari minne: tumwache marehemu apumzike, na nisiwapakazie ugonjwa mabinti wa watu ambao bado hawajaolewa. Nikatii. Nilijiambia kwamba hakuna aliye karibu kupasuliwa. Miaka minne nimekaa kimya kwa mara ya pili, na safari hii sikuwa na udhuru wa kutojua.

Baada ya simu yako nimepiga nyumbani mara mbili. Mara zote mbili amepokea yeye. Mara ya kwanza alisema umetoka. Mara ya pili alisema hivi: "Wewe ulikwenda zako na vitabu vyako, mdogo wangu. Usituletee jeneza kwa simu. Mtoto mwenyewe anaogopa sindano, akisikia haya atatoroka, na madaktari nao watamkataa, abaki na bega la kuning'inia." Akakata.

Ninampenda dada yangu. Alinifundisha kusoma kwa kunifinya sikio. Lakini katika hili simtii tena, na ninataka ajue kwamba simtii.

Mtoto anayejirusha miguuni mwa washambuliaji hatatoroka kwa kuambiwa ukweli. Madaktari nao hawatamkataa. Mimi mwenyewe, mzee mwenye kasoro iliyothibitishwa, walinipasua ngiri wiki saba baadaye. Waliniletea mashine iliyosafishwa mabaki yote ya hewa ile, wakanilaza kwa dawa za mshipani, na ile dawa ya kuzima moto ikiwa kwenye kabati hatua tatu kutoka kitandani. Niliamka nikaulizia miwani yangu. Kilichomuua Ngongoti hakina nguvu juu ya mtu aliyetangulia kukitaja.

Kwa hiyo sikwambii umzuie Kiberiti. Apasuliwe! Asubuhi yoyote ile maelfu ya watoto hulazwa kwa nusukaputi, wakaamka, wakaomba maji na kulalamika. Hatari hii ni nadra kweli, na sitaki uanze kuiona nyuma ya kila mlango. Ninachokataa ni kwamba kwa sababu ni nadra basi tuinyamazie, wakati imekwisha kuja kwetu na kukaa kwenye kiti.

Fanya hivi. Usingoje asubuhi ya upasuaji, nenda mara upatapo barua hii. Usimtafute daktari wa mifupa, yeye atatazama bega. Mwulizie daktari wa usingizi. Mpe cheti nilichokiambatisha, ni nakala yenye muhuri, na jina la kasoro limeandikwa hapo kwa herufi kubwa. Mwambie mjomba wako anayo na binamu yako ilimuua. Mwambie amchukulie binti yako kama mwenye nayo mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Kisha mwulize kama ile dawa ya kuizima, iliyotajwa chini ya cheti, iko hospitalini hapo siku hiyo. Usikubali kuambiwa kwamba huagizwa ikihitajika. Kama haipo, ahirisheni, au wakuandikie barua ya kwenda mahali ilipo. Bega limesubiri mara tatu, litasubiri ya nne.

Na ile fomu uiombe. Kata "hapana" kwa mstari mmoja, andika "ndiyo" pembeni, utie sahihi. Mstari mmoja tu, lisomeke lililokuwapo.

Wakikuambia uwaachie wataalamu kazi yao, wajibu kwa upole kwamba ndiyo kazi unayowaletea. Wakikuambia daktari ana shughuli, kaa kwenye benchi. Chukua vifungo vya sare ushone hapo hapo. Mimi nilikaa kwenye benchi kama hilo nikiwa mpole, msomi, mwenye shukrani, na sikumsumbua mtu yeyote. Wewe wasumbue. Ukionekana mshamba, uonekane. Ukiitwa mkorofi, itika.

Ningekuja mwenyewe, lakini hati zangu haziniruhusu kuvuka mpaka kuja huko, unajua. Miaka thelathini na moja nimeandika maombi na kurudishiwa maombi. Barua hii inabebwa na jirani yangu, fundi saa, anayesafiri tarehe 12. Nimemwagiza akukabidhi mkononi, kwenye kibanda chako cha kushonea, si nyumbani. Hilo nimelifanya ili ikufikie, si ili uifiche. Ukishaisoma, isome tena kwa sauti sebuleni, mama yako akiwapo na Kiberiti akiwapo. Ana miaka kumi na saba. Mwili ni wake.

Nisalimie mumeo, na umwambie ule mjadala wetu wa historia bado sijakubali kushindwa. Wasalimie wadogo zako, na yule jirani yenu mkunga aliyenizibia masikio kwa pamba nilipokuwa mtoto, kama bado yuko. Msalimie Kiberiti salamu zake peke yake, na umwambie babu yake anataka kuona kovu, apigwe picha akilionyesha kwa majivuno.

Msalimie dada yangu kuliko wote. Mwambie namba ya simu ya kiwandani iko kwenye cheti, na daktari anaweza kunipigia saa yoyote, nimekwisha waambia vijana waniite. Mwambie pia anikasirikie kadiri apendavyo, mwaka mzima, maisha yaliyobaki, asiniandikie hata mstari. Nitaipokea hasira hiyo kwa mikono miwili. Tarehe 24 mtoto atakapofumbua macho na kuanza kumsumbua kila mtu wodini, atakuwa amenilipa.

Mungu asimame na mikono itakayomlaza, na asimame zaidi na itakayomwamsha.

Wako akupendaye, asiyenyamaza tena,

Mjomba wako,
baba yake Ngongoti