Kambare wa Ijumaa

Kaka Mogaka,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka kwa upendo. Wanaokukumbuka hivyo walijaa uani kwako Jumapili, wakaimba mpaka sauti zikawakauka, na mchungaji akasema ulikuwa nguzo. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na majani ya chai, nikamsikia. Nguzo ninayoijua mimi nyumbani kwako ni ile ya jikoni, iliyofungiwa kamba.

Uliniambia nisikanyage hapa mpaka ufukiwe. Nimetii. Maisha yako yote uliniita mkaidi, basi hilo moja lihesabu.

Nataka tuirudie ile Ijumaa. Wewe uliisimulia kanisani kwa namna yako na mimi sikuwapo kujibu. Ulikuwa mwaka wa nane baada ya Uhuru, nimekuja likizo kutoka Kericho, kwenye shamba la chai nilikokuwa karani. Kwa miaka mingi nilikuja nyumbani kama mgeni, nikilala kwenye kitanda cha wageni, maana kipande changu cha ardhi ulikuwa umekipanda chai yako. Lakini si ardhi iliyonifanya nishike kalamu.

Ni Kemunto, kitinda mimba wako. Alikuwa na miaka tisa. Hakuwa akisema. Alipanga maharage chini jikoni, meupe huku, mekundu kule, na mtu akiyavuruga alijigonga kichwa ukutani. Nyimbo zilimuumiza masikio. Siku alipopiga mayowe katikati ya maombi yako, wewe mzee wa kanisa, ulirudi naye nyumbani ukamfunga kamba ya katani kiunoni. Wageni wakija, alifichwa ghalani nyuma ya magunia. Ukiulizwa una watoto wangapi, ulisema watano. Nilikusikia kwa masikio yangu. Walikuwa sita.

Nilimwomba mama yake ruhusa, si wewe. Alimfungua huku akitazama njia. "Shemeji, nenda naye. Lakini huyu anapenda maji kuliko anavyotupenda sisi. Usimwachie mkono."

Nilikuwa na mianzi miwili, mshipi, ndoana, na kipande cha gunzi la mahindi cha kuelea. Nyungunyungu alichimba mwenyewe chini ya migomba. Tulipofika mtoni akawapanga juu ya jani la mgomba, kuanzia mrefu mpaka mfupi. Nilipomchukua mrefu niwe na chambo kizuri, alinipiga mkono. Tukaanza na mfupi. Kwa utaratibu ule ningemwajiri ofisini kwangu siku ile ile.

Wanawake waliokuja kuchota maji walinicheka. "Karani, leo umepata tarishi?" Mwingine akasema, "Huyo atakupelekea barua kwa samaki tu!" Wavulana darajani wakawa wanaimba, "Bubu anavua! Bubu anavua!" Yeye hakugeuka. Alikuwa anatazama gunzi.

Nilimwambia maneno yako. Unayakumbuka? Kabla hujabatizwa, kabla hujavaa tai, wewe ndiye uliyenifundisha kuvua, pale pale kwenye kona ya mawe meusi. "Usivute kwa pupa. Mwache ameze." Tulivua kambare, tukawachoma nyuma ya shamba la wimbi mama asituone, na wewe ulinipa mkia kwa sababu kichwa ulikitaka mwenyewe.

Mtoto ambaye hakuweza kutulia mpaka tonge liishe mdomoni alikaa pale kwa muda wa saa tatu hivi. Kisha mgongo wake ukaegemea goti langu. Kemunto, ambaye hakuvumilia kuguswa hata na mama yake. Nilipumua kidogo kidogo, nikiogopa kumkumbusha kwamba nipo.

Nilijua ilikuwa saa ngapi. Nataka ulielewe hilo, maana uliwaambia watu nilijisahau. Jua lilikuwa limekaribia kilima. Nyumbani maji yalikuwa yameshachotwa, chakula cha kesho kimeshapikwa, kuni zimeshapasuliwa, kila mtu anaingoja Sabato, inayoingia jua likizama. Nilishika mwanzi ili tuondoke, akaniuma kidole. Nikatazama jua, nikatazama gunzi. Nikachagua gunzi.

Likazama. Hakuvuta. Alingoja kama alivyoambiwa, kisha akainuka na mwanzi mzima, na kambare akaanguka nyasini, mweusi, masharubu yakitikisika. Kemunto alirukaruka akipiga mikono hewani kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Wewe je, uliwahi?

Kosa langu ni hapo, nami nalikiri. Tumelelewa katika dini moja. Nilijua samaki asiye na magamba haingii nyumbani kwako hata Jumatatu, sembuse jioni ya Sabato. Ningemrudisha majini. Lakini Kemunto alikuwa amemkumbatia kifuani, gauni limelowa ute, na alikuwa ametangulia mbele yangu kuelekea nyumbani bila kushikwa mkono na mtu. Sikuwa na moyo wa kumzuia.

Ulikuwa mlangoni na Biblia, watoto watano nyuma yako. "Kambare! Na Sabato imeshaingia! Umeniletea najisi mbili kwa mkono mmoja!"

Mkono haukuwa wangu. Ulikuwa wake. Alikuwa anakupa.

Ulimnyang'anya samaki ukamrusha nje ya ua, kwa mbwa. Kemunto akapita chini ya ua kwa tumbo. Tulisikia mbwa wakinguruma. Akarudi, kidole gumba kinatoka damu, ameokoa kichwa tu. Kichwa, kaka. Akakiweka taratibu miguuni pako. Alidhani umemwangusha samaki kwa bahati mbaya.

Ukamfunga kamba. Kisha ukanigeukia mimi. Nikaondoka na koti linalonuka samaki, na kesho yake ukasimama mbele ya kanisa ukasema ndugu yako amemtia mwanao najisi.

Miaka miwili baadaye nilimweleza daktari mmoja wa watoto habari za Kemunto: maharage, masikio, maji. Akanipa neno, otizimu. Akasema mtoto hakulaaniwa, hana pepo, na mama yake hakuvunja mwiko wowote. Amezaliwa na akili inayoupokea ulimwengu kwa njia yake. Nimelitafuta neno hilo katika vitabu vyangu vyote na sijapata la Kiswahili, wala la Kigusii. Nilikuandikia kurasa nne nikikueleza. Hukunijibu.

Sasa sikiliza yaliyotokea tangu ufe.

Kaburini waliita, "Mdogo wa marehemu atie udongo!" Niliinama nikachota mkono mmoja. Kisha sikuutupa. Niliutia mfukoni mwa koti. Shangazi yetu, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akauliza, "Huyu amekuja kuzika au kuiba udongo?" Watu wakacheka na kujikohoza. Nikawaacha nikaenda nyuma ya jikoni.

Kemunto ana miaka kumi na sita. Ni mrefu kama mama yetu. Kamba ilikuwa bado kiunoni mwake.

Nilitegemea kukuta kamba ile ile fupi. Nilikuta kamba ya hatua thelathini, imeunganishwa mara tatu, nayo inamfikisha kwenye mfereji ambao sikuujua. Maji yanatoka chemchemi ya juu, yanapita katikati ya chai, yanazunguka jikoni. Mama Kemunto ameniambia uliuchimba peke yako, kiangazi kizima, mwaka ule niliokuandikia. Hukutaka msaada wa mtu wala hukusema ni wa nini. Jioni ulikaa kwenye kigoda ukimtazama anavyotazama maji.

Alinieleza hayo akilia. Nadhani alitaka nami nilie. Kaka, nilikasirika kuliko siku ya kambare. Kwa hiyo barua uliisoma! Ulielewa kila neno. Ulijua anachokipenda. Ulikuwa na nguvu za kuyashusha maji kilima kizima, ukakosa nguvu za kufungua fundo moja, kwa sababu mfereji watu wangeuona ni wa kilimo, na binti aliyefunguliwa wangemwona ni binti yako.

Fundo lilikuwa gumu kama jiwe. Nililikata kwa kisu cha jikoni. Kemunto aliitazama kamba ikianguka, akatembea mpaka ukingoni mwa mfereji, akasimama pale pale ilipokuwa ikiishia. Leo ni siku ya tano. Kila asubuhi anakwenda, anasimama, anarudi. Mfereji wenyewe mbuzi anauvuka bila kufikiri.

Nimeandika kuacha kazi. Nitajenga kwenye kipande changu, na Mama Kemunto amekubali binti akae popote atakapotaka kukaa. Kesho ni Ijumaa. Jioni hii nimekata mianzi miwili, nikailaza ng'ambo ya mfereji, na kando yake jani la mgomba, tupu. Sitamshika mkono. Sitamwita. Kuvuta kwa pupa ulinikataza mwenyewe, na ndilo jambo jema pekee ulilonifunza ambalo hukulikana.

Akivuka, tutakaa mtoni mpaka atakapotaka yeye kuondoka, jua lizame lisizame. Atakachokivua kitaingia nyumbani kwa mlango wa mbele.

Kwaheri, kaka. Udongo wako umo kwenye kopo, hapa mezani ninapoandikia. Siku atakayovuka nitakuletea, niutupe juu yako kama ndugu. Asipovuka nikiwa hai, nitazikwa nao mfukoni.

Mdogo wako,
Nyakundi