Mlango Usiotaka Bomu

Kaka yangu,

Salamu zimeishia kwenye barua mbili nilizozichana, kwa hiyo hii naanzia katikati. Sisi wazima, paka kazaa tena ndani ya kikapu cha nguo, nami situlii: nakaa, nasimama, nachungulia barabarani.

Unaukumbuka ule mchezo wetu wa zamani wa kompyuta, wa kurukaruka mapangoni ukitafuta njia? Nimeubadilisha. Shujaa ni yuleyule, ila mapango nimeyageuza nyumba yetu, hadi ile ngazi uliyoivunja imo. Nimeuweka mtandaoni, na wachezaji wananisema kila siku: mlango wa mwisho haufunguki! Wameupiga risasi, wameulipua kwa mabomu. Mmoja kaniandikia, "Dada, hapa umekosea."

Sijakosea. Unaweka silaha chini, unagonga mara tatu, unasubiri kuitikiwa. Basi. Siku ile ya ugomvi wewe uliingia chumbani kwa Baba kwa teke, na mpaka leo mzee hayataji hata maneno uliyomtolea. Husema tu, "Hata hodi hakupiga."

Tangu atoke hospitali haongei sana. Daktari alinivuta pembeni, aliyoniambia siyaandiki. Kitanda tumekisogeza karibu na mlango, kwa amri ya Baba mwenyewe.

Njoo, Kaka. Siku hizi hata upepo ukitikisa komeo, Baba anaitikia, "Karibu."

Mdogo wako,
Kiroboto