Shavu la Mama Begani

4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Hujambo huko uliko? Mama yako anakusalimu, na paka naye hajambo. Kwetu kinachosumbua ni ule mguu wa mama yako tu, tangu kiharusi haujarudi.

Mwanangu, jana nusura nimwangushe. Kila asubuhi nambeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani apate jua. Jana tulipofika mlangoni mikono ikalegea kama godoro lililoloa. Nikamweka chini taratibu, nami nikakaa. Jua likatukuta pale pale kizingitini, likatulalia miguuni. Mama yako akasema, "Fundi, leo baraza imetufuata ndani." Nikacheka, lakini moyoni nililia.

Kaka yako ameshatamka kwamba siku nitakayoshindwa kumbeba, anamhamishia kwake. Nitaamka na nani? Mimi niliyebeba marobota ya pamba maisha yangu yote, leo nyama za mikono zimekwenda wapi? Wewe kazi yako ni kufanyisha wazee mazoezi. Niambie, zinarudi?

Baba yako, fundi magodoro

13 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Pole sana, na mama nampa pole. Mimi mzima, ila nimesoma barua yako nikakosa raha.

Zinarudi, baba, lakini haziji kwa kuitwa. Mwanamume akizeeka misuli hupungua, na akikaa tu hupungua zaidi. Anza na kiti. Simama bila kushika kitu, keti, simama tena. Nyanyua kitu kizito kiasi, siku moja fanya, siku moja pumzika. Kula mayai na maharage. Haba na haba hujaza kibaba.

Halafu nenda ukapimwe damu. Wazee wengine homoni zao za kiume hushuka mno, daktari akawapa jeli ya kupaka mwilini. Si ya kila mtu, na bila mazoezi usitegemee makubwa. Usijinunulie dukani, maana nakujua!

Wazee wangu hapa wakinyanyua vyuma hufumba macho, kila mmoja anakuwa mbali, mahali pake. Nami nikiwatazama nakuona wewe.

Mwanao wa mwisho

20 Juni

Kitinda mimba,

Marahaba. Usininunie kwa kimya hiki, nilikuwa kazini. Nimejishonea vigodoro vya mchanga vya kunyanyua, na vifungo nikavitia, maana fundi hashiki kitu chenye mshono mbovu. Daktari alinikuta homoni ziko chini kweli, akanipa jeli. Naipaka mabegani nikiamka, kisha nambeba mama yako nikiwa kifua wazi. Unajua anavyopenda kunilazia shavu begani. Anasema bado nanukia pamba mpya.

Mwanangu, ng'ombe hazeeki maini! Tukifika barazani sitaki hata kumtua. Nazunguka naye uani polepole, yeye kafumba macho, ananiambia tunaelea. Usiku naota pamba inapaa karakanani, nasi tumo humo humo. Kaka yako alikuja akatuona, akarudi zake peke yake.

Ila kuna kichekesho. Mama yako ameota ndevu kidevuni, na sauti imekuwa nzito. Akimwita paka, paka ananikimbilia mimi. Anasema uzee una mambo. Namnyoa mwenyewe, na wembe wangu.

Baba yako

27 Juni

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Huo si uzee, ni jeli yako! Ikiwa bado begani, mama anaichukua na shavu kila asubuhi. Homoni zako zinamwingia yeye. Tafadhali, leo hii usimguse kabla hujaosha mabega kwa sabuni, na mpeleke kwa daktari. Jeli hupakwa, ikakauka, ukanawa mikono, ukavaa shati. Yote yaliandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Boksi najua umelitilia sindano, na karatasi umezibia dirisha.

Mwanao

30 Julai

Baba, shikamoo. Mbona kimya? Mama hajambo? Bado yuko hapo nyumbani? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

5 Septemba

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, na unisamehe, niliona aibu. Karatasi kweli ilikuwa dirishani.

Daktari alimpima mama yako. Ndevu zinapungua, ila sauti huenda ikabaki hivyo. Mimi akaniambia naweza kuendelea nikivaa shati. Nikakataa. Bega hili lina mwenyewe. Akakubali niiache, akasisitiza mazoezi nisiyaache.

Nguvu zikapungua kidogo, nami nikaogopa. Lakini mama yako, kwa kunitazama nikisimama na kuketi kila mara, akasema, "Na mimi nipe kigodoro." Hospitali wakamwonyesha jinsi ya kusimama akiegemea mguu wake ulio mzima. Mwezi mzima tumekuwa tukifanya wawili, tukichekana.

Kaka yako alisikia nimeacha jeli, jana akaja na gari kumchukua. Akasimama mlangoni akasema, "Haya baba, mbebe nione." Nikainama. Mama yako akanilazia shavu begani, akaniambia kwa ile sauti yake nene, "Fundi, sibebwi leo. Moja, mbili..." Akasukuma, nami nikasukuma, tukajikuta tumesimama. Tukaenda tumeegemeana, hatua ndogo ndogo, hadi barazani kwenye jua.

Kiti tulikuwa hatujakitoa ndani tangu usiku. Kaka yako alikibeba, akatuletea.

Baba yako