Usinikatie Kipande

Kisumu Ndogo, Kibera,
Nairobi.
Aprili 1998

Kwa kakangu mpendwa Mukhwana,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa boma. Mguu wako unaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi aliyekuwa amekataa majani? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Matope yamefika mlangoni, lakini mboga zangu zinanunuliwa, kwa hivyo sina la kulalamika.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kaka, nashukuru tena kwamba ninyi ndugu wanne mlikubali kunihesabu katika shamba la marehemu baba. Kanisani nimewaambia wote. Wenzangu waliorudi kutoka kwa waume walionyeshwa kona ya jikoni, lakini Nafuna binti Wangila anakatiwa kipande kama mwanamume, kiguse barabara juu na mto chini, kama desturi yetu. Jirani yangu Risper, yule muuza omena, anasema siku hizi natembea kama chifu.

Ukaniambia bodi ya ardhi imekataa kuligawa shamba hilo. Kwamba kuna msichana wa Nairobi ambaye hamjamwona hata kwa macho, amewekwa na serikali kusaidia Baraza la Kaunti kupanga ardhi, naye ameshauri kwamba vipande vyetu ni vyembamba mno. Ukamwita mtoto asiyejua jembe. Ukaomba Valentine wangu, kwa kuwa wako ofisi moja, amwambie aache ujeuri.

Basi Jumapili nilijipamba nikaenda kwake Kawangware. Unajua huyo mtoto nilimsomesha kwa sukuma wiki mpaka akamaliza chuo, na leo anachora ramani ya wilaya nzima kwa mkono wake! Alinipa chai ya maziwa matupu. Nilipomweleza, alichukua leso yangu, akaikunja mikunjo mirefu myembamba mezani, akaniuliza ng'ombe wa kulima atageukia wapi bila kukanyaga mahindi ya jirani. Nilimwambia ng'ombe wa kwetu wana adabu, watageuka polepole. Alicheka sana. Kisha akaniuliza kama nimesahau kitanda cha Risper.

Hiyo hujasikia, kaka. Hapa kwetu nyumba zilijengwa bila mtu kuuliza njia itapita wapi. Risper alinunua kitanda kikubwa, kikakwama kwenye kichochoro, ikabidi vijana wakipitishe juu ya mabati, naye chini anawatukana kwa Kijaluo. Tulicheka wiki nzima. Lakini Nthenya, jirani yetu wa Kitui, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, gari lilibaki mbali kule barabarani na tukambeba kwenye blanketi. Hapo hakuna aliyecheka.

Valentine anasema hakuna wa kutunyang'anya kitu. Nyumba zikae pamoja upande wa barabara, shamba libaki zima mlilime, na njia moja pana ishuke mtoni iwe ya wote.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Huyo msichana asiyejua jembe ni Valentine mwenyewe. Barua ya ushauri kwa bodi ilitoka kwa jina la mkubwa wake, lakini ushauri ni wake. Alipoona jina la babu yake kwenye ombi lenu, aliomba mtu mwingine alikague, naye akafikia uamuzi ule ule. Alijua kipande kimoja ni changu, na kwamba sina kingine duniani. Alilia akiniambia, akidhani nitamlaani.

Nimlaani! Kutoka hapa mpaka mtaa wa Ayany, nani mwingine amezaa mtoto anayeweza kumwambia hata mamake mzazi hapana kwa sababu hiyo ndiyo haki? Nilimpangusa machozi, nikaomba chai nyingine.

Kwa hivyo usinikatie kipande. Siku mliponihesabu mlikuwa mmeshanipa, na shukrani yangu haipungui hata kidogo. Nitafutie tu mahali pa nyumba kando ya barabara, pale mwisho, njia ya mtoni itakapoanzia. Kila aendaye kuteka maji itabidi anisalimie, nami sitamwacha apite kabla sijamwambia ni nani aliyeichora njia hiyo.

Wasalimie ndugu zetu wote, na mke wako umshike mkono kwa niaba yangu. Valentine naye anasema wewe mjomba wake, khocha wake, usimkasirikie.

Ni mimi dadako akupendaye,
Nafuna, mama Valentine